Fundi Barafu na Gari la Mayai

Jina la Barafu hakupewa na mama yake. Alilipata barabarani enzi za ujana wake, siku basi moja lilipochemsha kwenye mlima, dereva na utingo wakabaki kulizunguka kama watu waliofiwa. Yeye alikuwa abiria tu, ila abiria mwenye spana mfukoni. Akainama kwenye injini, akafungua kifuniko kidogo cha chuma, akachomoa kidude cha shaba chenye springi, akakitupa kichakani. "Haya, jazeni maji twende zetu," akasema. Basi likapanda mlima wote bila kukohoa. Dereva akasema huyu si mtu huyu, huyu barafu, na tangu siku hiyo hata mkewe akimkasirikia humwita hivyo hivyo.

Kidude chenyewe ni thamostati. Kazi yake ni kuyazuia maji ya injini yasikimbilie kwenye rejeta kupoa kabla injini haijapata joto lake. Ikikwama imejifunga, gari linachemsha, na zile za zamani zilikuwa zikikwama kweli, asikudanganye mtu. Basi Barafu akaifanya sheria: gari likiingia gerejini kwake, liwe linaumwa tumbo au jino, thamostati inatoka kwanza, mengine baadaye. "Hii waliwekewa watu wenye theluji," humwambia mwenye gari, amekishika kidude kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Wewe kwako una theluji?" Sasa nani atajibu kwamba anayo? Watu walicheka, wakawasha magari, wakaondoka. Na tusimwonee, magari mengi kweli yalipoa. Miaka na miaka alikuwa sahihi, mpaka masikio yakaziba.

Alikuwa na mwanafunzi wake mmoja, sasa mtu mzima mwenye gereji yake ng'ambo ya barabara, ambaye kila kitu lazima akipime, ndiyo maana wakamwita Kipimo. Huyo Kipimo, angali chini ya mikono ya Barafu, siku moja aliokota thamostati iliyotupwa, akaitia kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, akangoja. Maji yalipokaribia kuchemka, kidude kikafunguka chenyewe, polepole. "Mwalimu, tazama, hii ni nzima," akasema, na wateja wapo. Barafu akaitazama sufuria, akamtazama yeye. "Wewe umekuja hapa kujifunza ufundi au upishi?" Gereji nzima ikaangua kicheko. Kipimo naye alicheka, lakini mwezi haukuisha akawa ameondoka. Ungemuuliza Barafu kosa la yule kijana asingeweza kulitaja, ila kinyongo alikuwa nacho, tena kinono.

Mambo yangebaki hapo, mafundi wawili wakichuniana ng'ambo na ng'ambo, kama si bintiye Barafu.

Binti alirudi nyumbani na watoto wawili na begi moja, amemkimbia mume mwenye mkono mwepesi. Hakusimulia mengi, shavu lilijieleza. Barafu akaibamiza bilauri yake ya maji mezani. "Huyu harudi kule maadamu mimi ninapumua," akasema, mbele ya mkewe na mbele ya wajukuu. Lakini nyumba yao, iliyo nyuma ya gereji, ilikuwa ya vyumba viwili tu, na watoto walilala kwenye makochi, miguu inaning'inia. Binti si mtu wa kukaa akabebwa. Akauza dhahabu yake yote ya harusi, akanunua gari kuukuu la dizeli, lile lenye mgongo mrefu na nafasi nyuma, aanze kusambaza mayai kwenye maduka ya juu mlimani.

Akamwambia baba yake waziwazi, bila kupepesa macho. "Baba, gari hili ndilo nyumba yangu. Likitembea, nitapanga vyumba vyangu na wanangu. Likinishinda, sina pengine pa kwenda, nitarudi kwa mume wangu. Siwezi kuwalaza watoto kwenye makochi yenu mpaka waote ndevu."

"Halitakushinda, mama," Barafu akamjibu. "Wewe una baba fundi." Na jioni ile ile, kabla gari halijabeba hata trei moja ya mayai, akaifungua injini kwa mapenzi yake yote, anapiga mluzi, akaichomoa thamostati akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Kwake yeye ilikuwa zawadi ya baba kwa mwanawe.

Wiki hiyo hiyo gari likaanza kuchemsha.

Kwenye tambarare halikuwa na neno. Lipandishe mlima na mzigo sasa! Mshale wa joto unanyanyuka, unanyanyuka, mpaka unagusa wekundu, mvuke unatoka kwa hasira, na binti anasimama kando ya barabara na mayai yake, jua linamwakia utosini. Barafu alianza na rejeta: akaishusha, akaizibua matundu yake kwa waya, akaiosha ikang'aa. Likachemsha. Akakaza mkanda wa feni. Likachemsha. Akang'oa pampu ya maji akaweka nyingine, likachemsha tena, siku hiyo kwa nguvu zaidi kana kwamba linamkomoa. Akahofia gasketi ya silinda hedi, kile kichwa cha injini, imeungua, akafungua kifuniko cha rejeta injini ikinguruma atazame mapovu, hakuna mapovu. Akachomoa kijiti cha oili aone kama imekuwa nyeupe kwa kuingia maji, oili haikuwa na tatizo. Hapo fundi akaanza kuishiwa, na fundi akiishiwa humgeukia dereva. Unalikimbiza. Unakawia kupunguza gia. Unapakia mayai mengi mno.

"Mayai, baba?" binti akauliza. "Mayai ndiyo yanachemsha injini?"

Mke wa Barafu, aliyekuwa akianua nguo uani, alicheka mpaka akashikilia kamba. Barafu hakucheka. Ndipo binti akatoa neno lililokuwa limemkaa kooni siku nyingi. "Baba, usikasirike. Nilipeleke kwa Kipimo alitazame tu?"

"Kipimo nimemfundisha mimi kushika spana!"

"Najua, baba."

"Basi niachie leo. Leo tu."

Akaondoka na gari peke yake. Akapakia mawe mahali pa mayai, akaukabili mlima. Mshale ukapanda kama kawaida yake. Barafu akasimama, akaiacha injini ikinguruma, akafungua boneti, akaanza kuigusa mipira ya maji mmoja mmoja kwa mkono wake ule wenye sugu. Mpira wa juu, moto. Akagusa rejeta upande wa chini, vuguvugu. Akashangaa. Injini inaungua, na rejeta ambayo ndiyo ya kuipoza haina habari! Maji yako wapi basi? Mkono ukateleza nyuma, ukagusa mpira mfupi unaotoka kwenye hedi na kurudi moja kwa moja kwenye pampu. Ulikuwa wa moto wa kumtoa machozi, na ndani yake alisikia maji yakikimbia.

Akaubana kwa koleo ukabanika kabisa. Akangoja. Rejeta ikaanza kupata moto mpaka chini, feni ikaupuliza ule moto, na alipokwenda kutazama ndani ya gari mshale ulikuwa unashuka. Ulishuka hadi katikati ukatulia, gari na mawe yake yote. Barafu akakaa chini barabarani, mgongo kwenye tairi.

Alielewa yote kwa mara moja. Injini ile haikuwa ya aina aliyoizoea. Thamostati yake ina kazi mbili: ikifungua njia ya kwenda kwenye rejeta, mguu wake wa chini huiziba hii njia fupi. Yeye aliitoa, kwa hiyo njia fupi ikabaki wazi saa zote, na maji nayo kama watu, yakiona njia ya mkato hayazunguki. Rejeta haikuwa na kosa. Pampu aliyoitupa ilikuwa nzima. Dereva alikuwa hana hatia na mayai hayakuwa na hatia. Barafu aliona haya, akaona na hasira, hasira ya kutafuta wa kumrushia, na pale hapakuwa na mtu isipokuwa yeye na mawe.

Dawa ilikuwa nyepesi: anunue thamostati mpya, airudishe mahali pake, basi. Akateremka moja kwa moja hadi duka la spea. Mwenye duka ni mtu mwema ila mdomo wake hauna breki, na siku hiyo madereva kadhaa walikuwa wameegemea kaunta yake wakipiga soga.

"Eeh, Barafu! Karibu, mzee wa kutoa! Leo tukupe nini?"

Wote wakacheka, wala si kwa ubaya. Barafu akafungua mdomo. Neno lilikuwa limefika ulimini. Lakini akaona jinsi litakavyovuka barabara kabla yeye mwenyewe hajavuka: jamani, mmesikia, Barafu kanunua thamostati! Akamwona Kipimo ameinamia injini yake, anatabasamu peke yake. Akaiona na ile sufuria.

"Nipe kifuniko cha rejeta," akasema.

Kifuniko! Mtu mzima na mvi zake, amekwishajua ugonjwa, amekwishajua dawa, anasimama kaunta ananunua kifuniko. Hata mimi ninayesimulia natamani kumtandika kibao. Akarudi gerejini, akasubiri watu wapungue, akatafuta bolti nene ya kiasi, akaikata kichwa kwa msumeno, akaisukuma ndani ya ule mpira mfupi. Ikakaa humo kama kizibo. Akakaza klipu juu yake, akafuta vidole vyake, na kwa nje ulikuwa huoni kitu.

"Ilikuwa kifuniko tu, mama," akamwambia bintiye. "Kilikuwa hakishiki presha."

Binti akamkumbatia na ovaroli lake la grisi.

Na gari, ukweli usemwe, likapanda mlima. Haukupita muda binti akapanga vyumba viwili karibu na maduka yake, bibi mtu akashona mapazia, watoto wakalala wamenyoosha miguu. Binti akaanza kunawiri na kuimba akiwa anapanga trei. Barafu alipokwenda kuwatembelea alipewa kiti kizuri, na mwanawe akawaita majirani wapya. "Njooni mumwone baba yangu. Bila huyu mzee mimi nisingekuwa hapa." Barafu akanywa maji, akaendelea kula.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Msimu wa baridi ulipoingia kule juu, gari likawa halipati joto. Maji yote sasa yalikuwa yanapita kwenye rejeta, injini iwe ya moto au ya baridi. Asubuhi linatoa moshi mweupe, halina nguvu, na dizeli linakunywa kama lina kiu ya mwaka. Binti akamwuliza baba yake. Baba akasema dizeli ya siku hizi imechanganywa na maji, na akabadilisha mazungumzo. Binti akamwonea huruma. Akajiambia mzee wangu amechoka, macho nayo si yale, kwa nini nimsumbue kila siku? Akapeleka gari kwa Kipimo kimya kimya, kwa heshima kabisa, baba asije akajisikia vibaya.

Kipimo akapima joto la injini, akaona iko chini mno. Akafungua kifuniko cha thamostati, akakuta yenyewe haipo. Hakushangaa, alijua gari limepita mikono ya nani, na hakusema neno baya hata moja juu ya mwalimu wake. Akanunua mpya, akaijaribu kwenye maji ya moto, akaiweka, akafunga. Ule mpira mfupi hakuugusa, hakuwa na sababu. Nani duniani angefikiria kwamba ndani yake kuna bolti?

Asubuhi yake binti akapakia mayai akaanza kupanda. Thamostati ilikuwa imefunga, kama inavyotakiwa kufunga injini ikiwa baridi. Maji yalitakiwa yazunguke kwa njia fupi mpaka yapate joto, na njia fupi ina bolti. Yakakosa pa kwenda. Yakachemkia mle mle ndani ya hedi, na mshale ukaruka ghafla kutoka chini hadi kwenye wekundu. Binti hakupata hata pa kuegesha. Alisikia mlio wa chuma, kisha injini ikakwama, na gari likasimama katikati ya barabara.

Lilivutwa kwa kamba hadi gerejini kwa baba. Hedi imepasuka, pistoni zimeshikana, na injini ya aina ile hata ukitafuta kwa tochi hupati nyingine. Binti alishuka anatetemeka. "Baba, nilikwenda kwa Kipimo. Aliniwekea thamostati."

Barafu akaligeukia gari. Alifungua boneti, na kabla watu hawajasogea mikono yake ilikuwa imekwishafika kwenye ule mpira mfupi. Akalegeza klipu, akauchomoa, akaikamulia bolti kiganjani, akaitia mfukoni. Alijifuta jasho kana kwamba ni kazi ya kawaida.

Kipimo akaja mbio kutoka ng'ambo, mikono ina grisi hadi viwikoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, nimelifikiria hili nashindwa. Ile thamostati ilikuwa nzima, niliijaribu mwenyewe. Haiwezi kupasua hedi, labda njia fupi iwe imezibwa." Aliuliza kwa upole, kama daktari anavyomwuliza mgonjwa. "Kuna kitu ulitia humu?"

Binti akamgeukia baba yake. Majirani walikuwa wamekwishajaa, na mwenye duka la spea yumo.

"Mimi?" Barafu akasema. "Nitie nini?"

Kipimo akauokota mpira, akaingiza kidole ndani, akakizungusha taratibu. Meno ya bolti yalikuwa yameacha alama zake humo, mstari juu ya mstari, na mtu aliyezeeka na spana hawezi kuzikosea. Akainua macho akamtazama mwalimu wake. Barafu akatazama pembeni, kwenye ukuta wa mabati. Hapo bado palikuwa na nafasi ya kusema. Palikuwa na nafasi kubwa tu.

Kipimo akauweka mpira chini. "Basi ni mimi," akasema. "Nimekosea. Dada yangu, nisamehe sana." Akavuka barabara akaenda zake. Hakuweza kumwita mwalimu wake mwongo mbele ya mwanawe. Adabu nyingine, jamani, ni msiba mtupu.

Mtaa ukapata la kusema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Si mnaona? Mzee wa watu alisema tangu zamani kwamba thamostati ni balaa, vijana wanajifanya wajuaji. Wateja wa Kipimo wakahamia kwa Barafu, na baada ya muda Kipimo akafunga gereji akaenda kuanza upya mji mwingine, asikojulikana. Gereji ya Barafu ikafurika magari mpaka yakaegeshwa nje. Watu walimsifia usoni. Akiwa mezani aliisukuma sahani kabla haijaisha, na mkewe alidhani ni uchovu.

Watoto wakarudi kwenye makochi. Binti aliuza gari kama chuma chakavu, akatafuta kazi za kufulia watu nguo, mikono ikachubuka, kodi ya hata chumba kimoja haikupatikana. Mwisho yeye mwenyewe akatuma ujumbe kwa mumewe, bila kumwuliza mtu. Mume akaja na pikapu ya kuazima na shati lililopigwa pasi.

"Shikamoo, baba mkwe."

"Marahaba."

Mkewe Barafu akamfuata mumewe hadi nyuma ya magari, akamshika ovaroli. "Sema kitu! Si wewe uliyeapa hapa kwamba harudi? Mwambie asiende, atakusikiliza wewe."

Barafu alitaka. Lakini ili umkatalie mtoto wako njia unahitaji uso wa kumtazama nao, na yeye uso huo hakuwa nao tena. Akasema ana wateja.

Magodoro yakapakiwa. Wajukuu wakapandishwa, mdogo analia anamwita bibi yake. Binti akaja peke yake hadi kwenye shimo la gereji, alipokuwa baba yake amesimama chini ya gari la mtu, kichwa tu ndicho kinaonekana. Akachutama pale ukingoni, akamshika mkono ule wenye sugu.

"Baba, nisamehe," akasema. "Nilikuwa na fundi nyumbani nikaenda kutafuta nje. Haya yote nimejitakia mwenyewe. Usiniwekee moyoni."

Kule nje mume alikuwa amekwishawasha pikapu, anapiga honi. Wateja walikuwa wamekaa kwenye benchi, wanasikia kila neno, wanatikisa vichwa kwa kumhurumia mzee.

"Nimekusamehe, mwanangu," Barafu akasema.